Hifadhi Kabla ya Jeraha

Mhadhara kwa wanasheria, maofisa ustawi wa jamii na wananchi, Morogoro, Desemba 2024

  Nawashukuru akina mama walioketi safu za nyuma, ambao nimeambiwa wametoka mbali na inawabidi kuwahi magari. Nitajitahidi nisiwacheleweshe.

Tumo ndani ya Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, zinazoanza Novemba 25 na kufikia kilele Desemba 10, Siku ya Haki za Binadamu. Katika siku hizi husemwa mengi ya kuhimizana, na yana nafasi yake. Mimi nimeitwa kuzungumza sheria, kwa hiyo nitazungumza sheria, na nina dai moja tu la kulitetea mbele yenu. Sheria za Tanzania Bara zinajua kumwadhibu mtu aliyemuumiza mwenzake wa nyumbani, na mara nyingine zinamwadhibu kwa ukali mkubwa. Kumzuia kabla hajaumiza, hapo ndipo zinapopungukiwa. Nitaonyesha pengo hilo liko wapi, kwa nini vifungu tulivyo navyo havilizibi, na tunapaswa kuandika nini. Nasema Bara kwa makusudi. Zanzibar ina mahakama zake na sheria zake za jinai na za ushahidi, na nikizichanganya na zetu nitawapotosha.

Ukubwa wa jambo lenyewe mnaujua. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2015–16 uliwakuta wanawake 40 katika kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 49, wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Ule wa mwaka 2022 uliwakuta 27. Kupungua huko kunatia moyo, nami sitakubeza. Lakini hesabuni safu za ukumbi huu, kisha mjiulize robo yake na ushei ni watu wangapi.

Hoja ya kwanza: suala la kipigo lilikwisha kuamuliwa mwaka 1971

Naanza hapa kwa sababu kila tunapozungumzia sheria ya kuwalinda watu majumbani, hujitokeza mtu akasema tunaleta mambo ya wageni. Fungueni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66. Kinatamka kwamba hakuna mtu yeyote mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo, hata kama mila inasema vinginevyo. Bunge lililopitisha maneno hayo lilikuwa la nchi iliyokuwa na miaka kumi tu ya uhuru, na sheria hiyo hiyo ndiyo iliyoziweka ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za kiserikali chini ya paa moja. Wabunge wale waliijua mila vizuri kuliko sisi. Wakaitaja, wakaikatalia.

Angalieni pia kwamba kifungu kinasema mwenzi. Kinamlinda mke, na kinamlinda mume. Ndugu mmoja aliniuliza mlangoni kama nimekuja kuwasema wanaume. Hapana, ndugu yangu. Wanaume wanaopigwa wapo, na wengi wao huona aibu kufika kituoni. Sheria nitakayoiomba leo iwalinde nao.

Nimekaa na wazee wa mabaraza ya kata, watu wenye busara na uzoefu mrefu wa kusuluhisha, ambao hawakuwahi kusomewa kifungu cha 66. Mkifika nyumbani wasomeeni. Tangu mwaka 2021 sheria imekipa Kiswahili nafasi yake kama lugha ya sheria na ya mahakama, basi hatuna tena kisingizio kwamba maneno yenyewe ni ya Kiingereza.

Udhaifu wa kifungu hiki ni kwamba kinatangaza tu, hakiadhibu. Anayekivunja inabidi apelekwe kwenye Kanuni ya Adhabu, ambako shambulio la kawaida lina kifungo cha hadi mwaka mmoja, shambulio la kudhuru mwili hadi miaka mitano, na kusababisha madhara makubwa hadi miaka saba. Yaani uzito wa kosa hupimwa kwa ukubwa wa jeraha. Na pale jeraha linapokuwa dogo, kifungu cha 163 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamruhusu hakimu kuwapatanisha wahusika badala ya kuadhibu. Sipingi usuluhishi. Majirani wawili waliopigana kwa sababu ya mpaka wa shamba, wapatanisheni, mtakuwa mmeokoa mtaa mzima. Ila mke na mume wanaotoka mahakamani pamoja, wakapanda bodaboda moja hadi kwenye chumba chenye ufunguo mmoja, mapatano yao yanalindwa na nani usiku ule?

Hoja ya pili: sheria ya jinai husubiri damu

Naomba mnivumilie hapa, maana hii ndiyo hoja iliyonileta.

Tuchukue mfano. Mwanamke, tumwite Mama Neema, ameishi na mume wake miaka minane, wana watoto wawili. Mume hajamkata, lakini kwa wiki kadhaa sasa anaingia usiku, anaweka panga kando ya kitanda na kumwambia kwamba siku akifikiria kuondoka hatafika kwa wazazi wake. Mama Neema anakwenda kituoni. Anapewa RB, namba ya taarifa yake. Anaulizwa, kwa nia njema kabisa, amepigwa wapi. Hana pa kuonyesha.

Kutishia ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, na askari anayeijua kazi yake atafungua jalada. Mume anaitwa, anahojiwa, anapewa dhamana, na dhamana katika kosa kama hilo ni haki yake. Jioni anarudi nyumbani. Sasa anajua mkewe alikwenda polisi. Siku hiyo Mama Neema yuko katika hatari kubwa kuliko jana yake, na sheria tuliyo nayo imemfikisha hapo bila ofisa yeyote kuivunja.

Mwanasheria mwenzangu ataniambia: kipo kifungu cha 138 cha Sheria ya Ndoa. Ni kweli. Mahakama inaweza kumwamuru mtu asimsumbue mwenzi wake au aliyekuwa mwenzi wake. Inaweza kufanya hivyo wakati shauri la ndoa linaendelea, au baada ya amri ya kubatilisha ndoa, kutengana au talaka. Kwa hiyo Mama Neema anatakiwa kwanza awe na shauri la ndoa mahakamani. Akitaka talaka, kifungu cha 101 kinamtaka apite Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Ipo ruhusa ya kuliruka baraza pakiwa na mazingira yasiyo ya kawaida, lakini mwambieni mwanamke asiye na wakili ajenge hoja hiyo peke yake. Yeye hakuja kuomba talaka. Pengine hata hataki kuachika. Amekuja kuomba alale.

Na Mama Neema walau ni mke. Kifungu cha 138 hakimgusi mama mzazi anayepigwa na mwanawe mlevi kwa sababu ya fedha za mazao, wala dada wa kazi anayeingiliwa chumbani na mtoto wa mwenye nyumba, wala msichana anayefuatwa na mchumba aliyekwisha kumkataa. Walioishi pamoja miaka miwili na zaidi wanaweza kuomba wachukuliwe kuwa wanandoa chini ya kifungu cha 160, ila dhana hiyo hupingwa mahakamani, na anayepinga ni yule yule anayeogopwa.

Tazameni jirani zetu. Rwanda walitunga sheria mahususi ya kuzuia na kuadhibu ukatili wa kijinsia mwaka 2008. Uganda wakatunga ya ukatili wa majumbani mwaka 2010. Kenya mwaka 2015. Burundi mwaka 2016. Sisi Bara tunayo mipango kazi ya kitaifa ya kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA wa kwanza na sasa wa pili, na nawaheshimu sana walioiandika na wanaoitekeleza. Lakini mpango kazi haumwambii mtu atoke ndani ya nyumba.

Sheria ya Kenya ndiyo nitakayoieleza, kwa kuwa taratibu za mahakama zao na zetu zina asili moja. Wao wameigawa kazi. Jinai inabaki na mkondo wake wa polisi, mashtaka na adhabu. Pembeni yake wamefungua mlango wa madai: anayeogopa anakwenda mahakamani kuomba amri ya ulinzi, bila kusubiri polisi wafungue jalada na bila kudai talaka. Uhusiano unaotambuliwa ni mpana. Wamo wanandoa, walioachana, wachumba, ndugu, na wanaoishi nyumba moja. Ukatili wenyewe umeelezwa kwa mapana pia: kupiga, kutisha, kufuatafuata, kuharibu mali, kunyima fedha za matumizi, kumfungia mtu nje ya makazi yake, hata wakwe kuingilia ndoa. Asiyeweza kwenda mwenyewe anaweza kuombewa na mwingine. Na pale ambapo kuchelewa kunaweza kuleta madhara, hakimu hutoa amri ya muda kabla ya upande wa pili kusikilizwa, kisha upande huo unaitwa kujieleza. Amri inaweza kumpa mlalamikaji haki ya kubaki ndani ya nyumba hata kama hati ina jina la mwingine. Anayeikiuka anatenda kosa la jinai, na anaweza kufungwa hadi miezi 12 au kutozwa faini hadi shilingi 100,000 za Kenya, au vyote viwili.

Mmeona amri hiyo inavyombadilishia Mama Neema mambo? Askari hamwulizi tena jeraha liko wapi. Anamwuliza mume kwa nini yuko hapa wakati karatasi inasema asiwepo. Swali hilo linajibika pale pale mlangoni.

Sasa niwe mkweli kwenu, maana kuna atakayesema: mbona Kenya wanawake bado wanauawa? Wanauawa. Polisi wa Kenya wenyewe walitangaza mwaka 2024 kwamba wanawake 97 waliuawa kati ya Agosti na Oktoba. Septemba mwaka huo tulimzika Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda aliyetoka kushiriki mbio za marathoni za Olimpiki ya Paris, aliyemwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake kaunti ya Trans Nzoia. Baba yake aliwaambia waandishi wa habari kwamba familia ilikuwa imempeleka aliyemfanyia hivyo polisi kabla ya hapo. Mimi nasoma msiba huo hivi: sheria nzuri isiyofika kituoni haimfikii mtu. Amri ya ulinzi inahitaji hakimu anayepatikana haraka, askari anayejua kuitumia, na mtu wa kuipeleka karatasi hadi mlangoni. Kwa hiyo tunapoandika yetu, tuandike pia nani ataibeba karatasi hiyo hadi kijijini, na kwa nauli ya nani. Kenya wametufundisha kwamba hapo ndipo pa kuweka nguvu. Hawakutufundisha tusitunge.

Hoja ya tatu: chumba cha ndoa na umri wa bibi arusi

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, ambayo akina mama wa TAMWA, chama cha waandishi wa habari wanawake, na wenzao waliipigania kwa miaka, ilibadilisha Kanuni ya Adhabu na kuweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa ubakaji, pamoja na amri ya fidia kwa aliyetendewa. Mtoto akiwa chini ya miaka kumi, adhabu ni kifungo cha maisha. Ni sheria kali. Lakini kisomeni polepole kifungu cha 130 cha kanuni hiyo. Kosa linaelezwa kuwa ni dhidi ya mwanamke ambaye si mke wa mtuhumiwa, au ni mke aliyetengana naye. Mke anayeishi na mume wake hayumo.

Kisha someni aya ihusuyo wasichana walio chini ya miaka 18. Kuridhia kwao hakuhesabiki, na hilo ni sawa kabisa, isipokuwa kama msichana ni mke wa mtu huyo, ana miaka 15 au zaidi na hawajatengana. Tendo lile lile, kwa mtoto yule yule wa miaka 15, ni miaka 30 jela kwa mwanaume asiye na cheti cha ndoa, na si kosa kwa mwenye nacho.

Mlango huo unafunguliwa na vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vinavyomruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alivipeleka Mahakama Kuu, na Julai 8, 2016 mahakama ikaamua kwamba vinakiuka Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 23, 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Hadi mwisho wa mwaka 2024 marekebisho yalikuwa hayajapitishwa. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016 ili kumlinda mwanafunzi asiozeshwe, na anayekiuka anakabiliwa na miaka 30. Basi msichana akiwa darasani analindwa. Aliyeacha shule kwa sababu baba hakuwa na uwezo wa kumsomesha, ambaye ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kulindwa, hana kinga hiyo.

Kuhusu mke mtu mzima, najua humu ndani mna maoni tofauti, na baadhi yenu mna hoja za kidini ambazo siwezi kuzipuuza. Naomba tu mlitazame jambo hili kwa upande wa hifadhi. Kenya nao, katika Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006, waliwaacha wanandoa nje ya kosa la ubakaji. Lakini sheria yao ya 2015 ikautaja ukatili wa kingono ndani ya ndoa kuwa ni ukatili wa majumbani. Mke aliyelazimishwa akiwa mgonjwa, au siku chache baada ya kujifungua, anaweza kuomba amri ya ulinzi hata kama hawezi kufungua shitaka la ubakaji. Rwanda walikwenda mbele zaidi na kulifanya kosa la jinai. Mimi ningependa twende na Rwanda. Ikiwa hatuko tayari, tusikubali kubaki nyuma hata ya Kenya.

Hoja ya nne: kesi hufia njiani

Hapa nawageukia askari, waganga na mahakimu, na nasema kwa heshima kwa sababu najua mnavyofanya kazi: askari mmoja kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, jalada moja juu ya jingine, na gari la kituo halina mafuta.

Mtu aliyebakwa ana saa 72 za kuanza dawa za kukinga maambukizi ya VVU. Baada ya hapo dawa hizo hazimsaidii. Katika saa hizo hizo mwili wake na nguo zake ndivyo vinavyobeba ushahidi. Kwa hiyo kila dakika anayotumia kumtafuta mjumbe, kumsubiri baba mdogo afike kutoka shamba, au kurudishwa kutoka zahanati eti hana PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, inakula tiba yake na kesi yake kwa pamoja. Mtu aliyejeruhiwa asikataliwe tiba kwa kukosa karatasi. PF3 itajazwa, na polisi wanaweza kuitwa wamkute hospitali. Vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako daktari, askari na ofisa ustawi wanakaa chini ya paa moja, vilianzishwa kwa ajili hiyo hasa. Wasaidizi wa kisheria, waelezeni watu haya vijijini: asioge, asifue nguo, aziweke kwenye mfuko wa karatasi na si wa plastiki, aende hospitali siku ile ile.

Halafu kesi inafika mahakamani. Wanafunzi wa sheria, chukueni kalamu. PF3 inapotolewa kama kielelezo, kifungu cha 240(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaitaka mahakama imwambie mshtakiwa kwamba ana haki ya kutaka daktari aliyeijaza aitwe kuhojiwa. Ni sharti la sentensi moja. Mahakama ya Rufani imeziondoa PF3 nyingi kwenye kumbukumbu kwa sababu sentensi hiyo haikusemwa, au haikuandikwa kwamba ilisemwa. Vivyo hivyo kwa watoto. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtoto wa umri mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo mradi aahidi kusema kweli na si uongo. Hakimu akisahau kuiandika ahadi hiyo, ushahidi wa mtoto unaingia mashakani kwenye rufaa, na hukumu ya miaka 30 inaweza kuanguka nao.

Sisemi rufaa zile ziliamuliwa vibaya. Mtu hafungwi miaka 30 bila utaratibu, na anaweza kuwa hana hatia. Ninachosema ni kwamba mtoto aliyesimama kizimbani, akasema mbele ya watu wazima mambo ambayo hakuna mtoto anayepaswa kuyasema, alifanya sehemu yake yote. Miaka inapita, yuko sekondari, na siku moja anakutana na mtu yule sokoni. Hakuna anayemweleza kwamba tatizo lilikuwa mstari mmoja ulioachwa kwenye mwenendo wa kesi. Yeye anaelewa kwamba hakuaminiwa.

Kwa upande wa ushahidi wenyewe, sheria iko upande wetu kuliko wengi wanavyodhani. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema, katika uamuzi wa mwaka 2006 unaonukuliwa hadi leo, kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyetendewa. Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa maneno ya aliyetendewa peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. PF3 ikiondolewa, kesi si lazima ife. Na kifungu cha 130 cha Sheria hiyo ya Ushahidi kinaruhusu mume au mke kuitwa kutoa ushahidi dhidi ya mwenzake, na kulazimishwa, pale kosa lilipomgusa yeye au watoto wao. Mwendesha mashtaka anayesema hana shahidi kwa kuwa shahidi ni mke hajakisoma.

Linalobaki ni lile mnalolijua wote: kikao cha ukoo. Shahidi aliyeonekana kituoni akilia, siku ya kesi haonekani. Ng'ombe wamekwisha kutolewa, au fedha, au mtoto amepelekwa kwa bibi mkoa mwingine. Ubakaji hauna mwenyewe wa kuusamehe kwa niaba ya Jamhuri. Mwenyekiti wa mtaa anayegonga muhuri kwenye karatasi ya makubaliano kama hayo anashiriki kuificha jinai, na naomba aambiwe hivyo waziwazi.

Hoja ya tano: paa

Hii itakuwa fupi kwa sababu Mahakama ya Rufani ilikwisha kutufanyia kazi. Watu huuliza kwa nini mwanamke anayepigwa hakuondoka. Hakuondoka kwa sababu hana pa kwenda. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mahakama hiyo iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, na kwamba kifungu cha 114 kinapaswa kuzitambua wakati wa mgawanyo. Mwanamke anayejua hilo hafikirii kuondoka kwa namna ile ile. Kifungu cha 59 nacho kinamzuia mwenzi kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Lakini kumbukeni nilichosema juu ya Mama Neema: kifungu cha 114 kinakuja wakati wa kugawana, na cha 59 wakati wa kuuza au kuweka rehani. Kwa usiku wa leo, hakuna.

Ndugu Mwenyekiti, naelekea mwisho. Itifaki ya Maputo juu ya haki za wanawake wa Afrika, ambayo nchi yetu iliiridhia mwaka 2007, inatutaka tutunge na kutekeleza sheria dhidi ya kila aina ya ukatili kwa wanawake, uwe wa hadharani au wa faraghani. Kwa hiyo ninachoomba ni deni, na tulilitia saini wenyewe.

Muswada ninaoutaka uwe na mambo haya. Amri ya ulinzi iombwe Mahakama ya Mwanzo, kwa sababu ndiyo iliyo karibu na watu, kwa fomu ya Kiswahili isiyo na ada, ambayo msaidizi wa kisheria anaweza kumsaidia mtu kuijaza kwa kikao kimoja. Hakimu aweze kutoa amri ya muda siku hiyo hiyo. Mtendaji wa kata apewe wajibu wa kuifikisha, na kumbukumbu yake iwekwe kituoni ili askari wa zamu yeyote aione. Anayeamriwa kuondoka aondoke yeye, mama na watoto wabaki na shule yao. Wazazi wazee, wafanyakazi wa ndani na wachumba waingizwe bila kuhitaji cheti. Vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa virekebishwe katika kikao kile kile cha Bunge, pamoja na aya ile ya miaka 15 katika Kanuni ya Adhabu.

Hatuna haja ya kusubiri Dodoma ndipo tuanze. Wanafunzi wa sheria, chuo chenu kinaweza kuanza muhula ujao kukusanya hukumu za mkoa huu zilizotenguliwa kwa sababu ya kifungu cha 240(3) na ahadi ya mtoto, na kuwapelekea mahakimu karatasi moja ya mambo ya kukumbuka. Dawati na hospitali ya mkoa zinaweza kukubaliana kwamba PF3 ijazwe hospitali. Wasaidizi wa kisheria, kuanzia Januari, waandikeni wale wote wanaowajia kuomba ulinzi kabla hawajaumizwa, bila majina yao, mkionyesha walielekezwa wapi na walipata nini. Wabunge wetu wakiuliza sheria hii inahitajiwa na nani, daftari hilo liwe la kwanza kuwekwa mezani.

 Naomba maswali yaanze na akina mama wa safu za nyuma, maana magari yao hayasubiri.